Risiti ya Nondo Niliyoibana Hadi Ikawa Haisomeki

Nilipoanza msingi wa nyumba yangu Kibada, niliapa sitatumia daftari. Madaftari ya saiti nayajua: linalowa, fundi analiazima kupigia hesabu ya tofali, mwishowe mtu anawashia jiko. Nikaweka Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu, kwenye simu na kwenye kompyuta, zikilandana kwa mtandao, nikafungua ukurasa kwa kila hatua ya ujenzi, kila kitu nikawa nakipiga picha. Nondo kabla hazijafunikwa na zege. Tripu za mchanga. Risiti ndiyo usiseme, maana zile za mashine ya EFD hazina wino. Karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto, na ukiiacha kwenye mwanga wa jua maandishi yanapauka hadi unabaki na kikaratasi kitupu.

Kufika kwenye lenta nilikuwa na picha 640 na folda ya GB 2.3. Simu ikawa inasuasua kufungua ukurasa mmoja. Jioni nikiwa kwenye pantoni kurudi Kigamboni naliona bando langu linakwisha kwa kupandisha mtandaoni picha za kokoto.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Obsidian inakuruhusu kuandika namba baada ya jina la picha, hivi: ![[msingi.jpg|300]], na picha inaonekana ndogo, upana wa pikseli 300. Nikapita ukurasa kwa ukurasa nikiandika hiyo 300, nikijua napunguza uzito wa faili. Wapi! Namba ile inabadilisha tu jinsi picha inavyoonekana kwenye ukurasa. Faili lenyewe liko palepale na MB zake nne.

Kinachopunguza uzito ni mambo matatu, na watu huyachanganya. Unaweza kupunguza vipimo, yaani idadi ya pikseli. Unaweza kubana, yaani kuiacha programu itupe taarifa ambazo jicho halizioni kirahisi. Na unaweza kubadilisha aina ya faili, tuseme kutoka JPEG au PNG kwenda WebP, aina iliyoletwa na Google mwaka 2010. Kwa picha za simu, la kwanza ndilo lenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ishushe iwe 1600 kwa 1200, umebaki na milioni 1.92, kama sehemu moja ya sita, na hapo hujagusa ubora wala aina ya faili.

Kuna plagini ya Obsidian, yaani kiongezo kidogo cha programu, iitwayo Image Converter inayofanya yote matatu humohumo ndani ya programu. Faida ya kufanyia ndani ni viungo, yaani yale majina yanayouunganisha ukurasa na picha yake: plagini huvirekebisha yenyewe. Nilishajaribu kubadilisha picha chache nje, kwenye kompyuta; jina likatoka msingi.jpg likawa msingi.webp, na kurasa zangu zikabaki zinatafuta faili ambalo halipo. Kwa hiyo safari hii nikasema nifanye kistaarabu. Nikaweka upande mrefu pikseli 1200, ubora 50 kati ya 100, aina WebP, nikaiamuru ishughulikie picha zote kwa mkupuo. Ilipomaliza, folda ilikuwa MB 70 na kidogo. Nilifurahi kweli. Nikafuta picha za mwanzo zote, kwenye simu na kwenye kompyuta, siku ileile.

Baada ya miezi miwili nikarudi hadiwea moja kufuata nondo za milimita 12 nilizolipia na kuziacha pale kwa sababu gari halikutosha. Muuzaji akaniambia jumla nilinunua 63. Mimi kichwani nina 68. Risiti ya karatasi imeshapauka, nikasema hakuna shida, ninayo kwenye simu. Nikafungua, nikaikuza. Tarakimu ya pili ilikuwa tatu, au nane, au tano, inategemea umeshikaje simu. Msimbo wa QR chini, ambao ungenisaidia kuihakiki, ulikuwa umesagika ukawa uji.

"Dada, hiyo hata wewe huisomi," akaniambia, na alikuwa anasema kweli. Daftari lake liliandika 63. Nikapakia zilizobaki kwa hesabu ya 63, nikaondoka.

Niliporudi nyumbani nikatulia nikatafuta kosa liko wapi, na hapa ndipo penye somo ambalo sikulikuta kwenye maelezo ya plagini yoyote. Risiti ni ndefu na nyembamba. Mimi nilikuwa nimeikata picha ikabaki karatasi tupu, 4000 kwa 1000. Nilipoamuru upande mrefu uwe 1200, upana nao ukashuka hadi 300. Mstari wa risiti ile una herufi 32, kwa hiyo kila herufi ilibakiwa na pikseli tisa hivi za upana, kisha juu yake ukapita ubora wa 50. Picha ya nondo saiti haikudhurika na mpangilio uleule, kwa kuwa nondo ni nondo hata ikipungua. Tarakimu haina pa kupungulia.

Tena maandishi ni adui wa aina hii ya ubanaji. JPEG huigawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko madogo yaliyo ndani ya kila kipande. Mawingu na ukuta hustahimili. Ukingo mkali wa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe huota ukungu pembeni. WebP ya kupoteza ubora ina tabia yake nyingine: rangi huhifadhiwa kwa nusu ya vipimo, kwa urefu na kwa upana. Ndiyo maana sahihi ya kalamu nyekundu au muhuri wa zambarau hufifia kabla maandishi meusi hayajaguswa.

Siku hizi swali langu ni moja kabla sijabana: humu ndani nitakuja kusoma nini? Picha za saiti nazishusha upande mrefu 1600, WebP, ubora 75. Iliyokuwa MB 4 hutoka na KB 280 au karibu na hapo. Risiti nazikata pembeni tu. Sigusi vipimo vyake, na ubora sishuki chini ya 85. Michoro ya nyumba na skrinishoti za miamala naziacha PNG, ambayo haipotezi kitu. Risiti zenyewe hazifiki 100 katika zile 640, sasa nilikuwa nabania nini?

Ukitaka kujaribu mpangilio wako, usichague picha nzuri. Chukua tano mbaya kuliko zote: ya jioni, ya mkono uliotetemeka, risiti iliyokunjwa. Zipitishe, kisha zifungue kwa ukubwa wake kamili na usome kwa sauti tarakimu ndogo kuliko zote. Ukisita, ongeza ubora. Na usiibane picha iliyokwisha banwa ili uijaribu upya. Kila mzunguko unatupa kitu kingine, hivyo anza tena na ya mwanzo. Za mwanzo mimi naziweka kwenye flashi kwa mwezi mzima kabla ya kuzifuta.

Mengine ni ya kupita tu. Ukinakili picha na kuibandika kwenye Obsidian, mara nyingi huhifadhiwa kama PNG yenye jina linaloanza na "Pasted image", na picha ya kamera ikiwa PNG hunenepa kupita kiasi. Bora uiingize kama faili. Shemeji yangu ana iPhone, picha zake zinakuja kama HEIC na Obsidian haizionyeshi, kwa hiyo hizo hazina budi kubadilishwa. Anayekutumia risiti kwa WhatsApp mwambie aitume kama hati, vinginevyo inafika tayari imebanwa. WebP nayo haipokelewi kila mahali: niliwahi kwenda steshenari Mwenge kuchapisha picha, kijana akaniambia faili langu halifunguki. Za kupeleka benki au ofisini nazitunza JPEG.

Halafu tarehe. Picha ya simu hubeba ndani yake siku iliyopigwa, na mahali pia kama umeruhusu. Zangu 640 zilitoka kwenye kubadilishwa zikiwa na tarehe moja, ile ya siku niliyozibana. Sasa plagini naiambia ianze jina la faili kwa tarehe. Na kazi kubwa ya mkupuo fanya ukiwa na bando la kutosha au Wi-Fi ya mtu, kwa sababu kila faili lililobadilika huonekana jipya na hupandishwa mtandaoni upya.

Wiki iliyopita fundi wa AC alitaka kutoboa ukuta wa chumbani, akauliza paipu za umeme zimepita wapi. Plasta ilishafunika kila kitu. Nikafungua ukurasa wa chumba kile, picha ya KB 260, paipu inaonekana imepanda kutoka kwenye swichi, na futikamba ya fundi umeme imelala pembeni yake.

Akasogea sentimita kumi kushoto, akatoboa.