Kwa nini kampuni za simu hutii amri ya kufunga intaneti

Mleta mada ameuliza kwa nini kampuni za simu, ambazo hupata hasara kila intaneti inapozimwa, hazikatai amri za serikali, ilhali kampuni kubwa za Marekani huonekana kuthubutu. Nilikuwa fundi mitambo katika kampuni moja ya intaneti mjini Kampala wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, kwa hiyo nitajibu kwa kutumia niliyoyaona.

Amri ilikuja kwa barua. Tarehe 12, siku mbili kabla ya kura, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwaagiza watoa huduma wafunge mara moja mitandao yote ya kijamii pamoja na programu za kutumiana ujumbe. Jioni ya tarehe 13 ikazimwa intaneti yote, hadi tarehe 18. Kufunga mitandao yenyewe hakukutuchukua muda: tuliyaondoa majina ya tovuti hizo kwenye seva zetu za DNS, yaani zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, kisha tukazuia anwani zake kwenye ruta zinazotuunganisha na nje. Kilichotutoa jasho ni VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano kwa siri kupitia seva ya kwingine na hivyo kukwepa vizuizi, kwani ukifunga moja mteja anapakua nyingine, na Waganda walikuwa wameshazizoea tangu ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, Julai 2018. Tulipozidisha kuzibana, benki moja ikaanza kutupigia simu mfululizo, kwa sababu matawi yake huwasiliana na makao makuu kwa VPN ya aina ile ile.

Hakuna aliyependekeza tukatae. Leseni hutolewa na mamlaka ile ile iliyoandika barua, masafa ya redio tunayotumia ni yake, na minara na mafundi wote wamo ndani ya nchi, wanafikika usiku huo huo. Meneja wetu alihakikisha tu kwamba barua ina sahihi, kisha akaifungia kabatini. Wateja waliopiga simu wakaambiwa kuna hitilafu ya kiufundi. Kwangu mimi kosa la kampuni lilikuwa uongo huo, kuliko kule kutii.

Ama kuhusu Wamarekani, ujasiri wao hutegemea mahali walipo. Siku hizo hizo Facebook ilizifuta akaunti ilizosema zina uhusiano na Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Uganda, na Rais Museveni akaikemea kwenye televisheni. Haikuwa na mnara wa kukamatwa Uganda. Adhabu kubwa iliyowezekana ni kufungiwa, na kweli ilibaki imefungwa muda mrefu baada ya mingine kufunguliwa. Lakini Septemba mwaka huo huo, siku upigaji kura wa bunge ulipoanza Urusi, Apple na Google ziliiondoa kwenye maduka yao programu ya wafuasi wa Alexei Navalny, kiongozi wa upinzani wa huko, na iliripotiwa kwamba wafanyakazi wao waliokuwa nchini humo walitishiwa kushtakiwa. Miezi miwili kabla, Urusi ilikuwa imepitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za nje zenye watumiaji zaidi ya 500,000 kwa siku zifungue ofisi huko. Kwa hiyo serikali inapodai kampuni ya nje iwe na ofisi nchini, tusidhani wakati wote kwamba inatafuta kodi tu.

Njia ya katikati ipo, na mfano ninaouheshimu ni wa Zimbabwe. Januari 2019, wakati wa maandamano ya kupinga kupanda kwa bei ya mafuta, kampuni ya simu ya Econet iliwajulisha wateja wake waziwazi kwamba imeletewa amri ya serikali ya kuzima intaneti, na kwamba wanasheria wake wameishauri itii huku uhalali wa amri hiyo ukisubiri uamuzi wa mahakama. MISA Zimbabwe, shirika linalotetea uhuru wa habari, na chama cha mawakili wa haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 21 Januari ikaamuliwa kwamba waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Econet ilizima kama sisi tulivyozima, ila ilisema ni nani aliyeiagiza, na hivyo mtu huyo akaweza kushtakiwa.

Ukitaka kuibana kampuni inayokuuzia bando, idai kwa maandishi ikueleze amri ilitoka kwa nani na kwa kifungu kipi cha sheria, kisha mpelekee wakili majibu hayo, au barua yako isiyojibiwa.