Jibu: Kurekodi kinanda nyumbani

Ndugu yangu wa Kigoma, umeuliza kwa nini nyimbo za dansi unazozipanga upya kwa kinanda na kuwarekodia marafiki kwa simu zinasikika kama zimepigwa ndani ya pipa. Kosa si vidole vyako, bali ni kipaza sauti cha simu, ambacho hunasa mwangwi wa chumba na, kwetu hapa Tabora msimu wa mvua, hata kishindo cha matone juu ya bati. Ikiwa kinanda chako ni cha umeme, unganisha waya kutoka tundu lake la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti kwenye kompyuta. Hifadhi rekodi kama faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, ambalo huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, kisha watumie marafiki nakala ya MP3, yaani sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ni karibu megabaiti 1 tu kwa dakika.