Kupeana mikono mbele ya mstari siyo kupatana

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mimi ni mwalimu wa nidhamu shule moja ya kata huku Mufindi, tuna hosteli ya wasichana. Mabinti wawili wa form two waligombana bombani asubuhi, mmoja alikuta ndoo yake imesogezwa nyuma ya foleni, wakarushiana maneno mpaka wakashikana. Nikawapatanisha siku hiyohiyo mbele ya mstari, wakaombana msamaha, wakapeana mikono, shule nzima ikapiga makofi. Wiki haijaisha, yule mwenye ndoo kakuta madaftari yake ya Bailojia na Jiografia yamechanwa. Wenzangu ofisini wanasema niwachape wote halafu niwakalishe dawati moja mpaka wazoeane. Nifanyeje, na nitawafundishaje hawa watoto kumaliza mambo yao kwa heshima?

JIBU: Salama mwalimu. Hayo makofi ndiyo yamenifanya nijibu hili kabla ya mengine, maana hii stori naletewa kila muhula, leo Mbeya kesho Makambako keshokutwa Tukuyu, na inaisha vilevile, "tuliwapatanisha lakini wamerudia". Samahani mwalimu wangu ila hamkuwapatanisha. Mliwatenganisha tu, halafu mkawapa maneno ya kusema ili kipindi cha kwanza kianze.

Ebu jiulize, nani alisogeza ile ndoo? Umeniandikia kisa kizima hilo halimo, na nina wasiwasi hata pale mstarini hakuna aliyeuliza. Huenda ni yule binti, huenda ni kiranja wa hosteli, huenda ni mdogo wa form one aliyetumwa na mtu wa tatu kabisa. Mmewaombanisha msamaha kwa kosa ambalo halijulikani nani kalifanya. Mtoto kasimama na sweta lake kwenye ile baridi yenu, shule nzima inamkodolea macho, mwalimu kashika fimbo kasema "haya ombaneni msamaha", unadhani atasema nini? Atasema nisamehe, hata ungemwambia aimbe angeimba. Alichojifunza hapo ni kwamba ugomvi unaisha mwalimu akiridhika, kwa hiyo mwalimu akigeuza mgongo unaendelea, tena sasa kimyakimya, usiku, kwenye madaftari.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanadhani msamaha ndio mwanzo wa kusuluhisha. Msamaha ukija unakuja mwishoni, na usipokuja pia siyo mwisho wa dunia. Watoto wanaweza wasipendane kabisa na bado wakaheshimiana bombani. Tunachokitafuta ni hiyo heshima, urafiki waachie wenyewe.

Kwa hiyo anza upya, kana kwamba ile siku ya mstari haikuwepo. Waite mmoja mmoja, siyo staff room ambako kila mwalimu anayeingia kuchukua chaki anatupa neno lake, "hawa tena? wachape hao". Tafuta mahali pa utulivu, chini ya mti ni sawa tu, matroni awe karibu. Usiulize nani kaanza, hilo swali halijawahi kuzaa jibu tangu shule zianzishwe. Uliza ilikuwaje, uliza ulikuwa unataka nini, halafu kaa kimya usikilize. Ukishawasikia wote, na ukaona hasira imetulia (siyo dakika mbili baada ya kushikana, hapo mwili bado unachemka hakuna kinachoingia kichwani), ndio uwakutanishe.

Wakikutana kuna kazi moja ngumu kuliko zote, kila mmoja arudie alichosema mwenzake kabla hajajibu, na mwenzake akubali kwamba ndicho alichosema. Inakuwa hivi. Unamuuliza wa kwanza, mwenzio kasema nini? "Kasema mimi namdharau." Hajasema hivyo, msikilize tena. "Kasema nina roho mbaya." Bado. Mara ya tatu au ya nne ndio inatoka, kwa sauti ndogo, "kasema akichelewa kupata maji anakosa uji na anaandikwa kwenye daftari la wachelewaji." Hapo wote wawili wanaangalia chini, na wewe mwalimu ndio unashtuka kwamba kumbe ishu siyo tabia ya mtoto, ishu ni bomba moja na hosteli nzima na saa ya kuhesabiwa namba asubuhi haisubiri mtu. Sasa hapo kuna kitu cha kusuluhisha. Makubaliano yawe madogo ya kuonekana kwa macho, mfano ndoo haiguswi mwenyewe asipokuwepo, anayetoka kwenye foleni anamuachia neno wa nyuma yake, asipofanya hivyo nafasi imepita. "Tutapendana na kuheshimiana" siyo makubaliano, huwezi kwenda Jumatatu kukagua kama wamependana. Na Jumatatu lazima uende, maana hapo kwenye kufuatilia ndipo walimu wengi wanapoachia.

Ila madaftari ni jambo jingine, usiyachanganye na ndoo. Kwanza huna uhakika nani kachana, chunguza. Pili, na hili nakuomba ulisome mara mbili, angalia kama hawa wawili wanalingana nguvu. Kama mmoja ndiye mkubwa wa bweni, ana kundi lake, na mwenzake anatembea peke yake anakula peke yake, basi huo siyo ugomvi wa wanafunzi wawili, huo ni uonevu. Uonevu hausuluhishwi kwa kuwakalisha meza moja kila mtu atoe yake. Unamwambia anayeonewa na yeye ataje kosa lake? Lipi? Na ushauri wa kuwakalisha dawati moja wazoeane ndio unaniudhi kuliko yote, utakuwa umemchukua mtoto umemkabidhi kwa anayemtesa kwa dakika 40 kila kipindi, tena kwa baraka za ofisi. Uonevu unazuiwa na mtu mzima. Unamtenganisha, unamlinda, unahakikisha usiku matroni anajua, mzazi anaitwa, na aliyechana akithibitika anakaa anaandika upya notisi zote kwa mkono wake mpaka ziishe maana upimaji wa kidato cha pili hausubiri.

Kuhusu kuchapa wote, Waraka wa Elimu namba 24 wa mwaka 2002 mnao hapo ofisini, mfungue. Kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Hakuna mahali pameandikwa mtoto aliyechaniwa madaftari naye apigwe ili kubalansi. Na hata tukiacha waraka, mtu anafundishaje kumaliza ugomvi bila kupigana kwa kupiga?

Umeuliza kuhusu kufundisha darasa zima. Usiwape mada ya amani ubaoni. Hawa watoto, iwe ni Uraia ya zamani au Historia ya Tanzania na Maadili ya mtaala mpya, watakuandikia faida tano za amani wapate vema zote halafu break wakashikane mashati kwenye mpira. Huu ni ufundi wa mdomo na masikio, unafundishwa kwa kufanya. Chukua dakika kumi mwisho wa kipindi, wape ugomvi wa kweli wa pale shuleni ila bila majina, kalamu iliyoazimwa haijarudi, mtu kakaa kwenye kiti cha mwenzake, jina la utani lililopita kiasi, waigize wawili kisha wabadilishane nafasi. Wazoeshe kusema sentensi ya aina hii, "ukisogeza ndoo yangu mimi nachelewa, naomba usiiguse kama sipo", badala ya "wewe una tabia mbaya kama kwenu". Mwanzoni watacheka sana, waache wacheke. Baadaye utazisikia zenyewe koridoni.

Na tafadhali lile jibu la "watu wa huku ndivyo walivyo" tuliachie vijiwe vya kahawa. Kuna walimu wananiambia kwa uso mkavu kwamba Wahehe wana hasira toka enzi za chifu wao Mkwawa kwa hiyo usuluhishi hapa haufanyi kazi. Mkwawa alikuwa anapigana na Wajerumani jamani, hakuwa anagombania ndoo.

Nimalizie na hili ambalo sasa limekuwa biashara. Wanakuja watu na spika na suti, wanajiita wataalamu wa saikolojia ya wanafunzi, wanaomba saa mbili na mchango kidogo kwa kila mtoto, wanawaliza watoto uwanjani, "mkumbatie uliyemkosea", wanapiga picha na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Watoto wanakumbatiana kweli, na wapo waliokumbatishwa na watu wanaowatesa mabwenini, mbele ya simu zinazorekodi, bila hata mzazi kuulizwa. Kesho yake anayebaki na vilio ni wewe na matroni. Wapo wengine wanawapa viranja mafunzo ya siku moja halafu wanawaita wasuluhishi, ukienda baada ya mwezi unakuta kiranja ana kiti chake na anatoza wenzake sabuni kama faini. Mwanafunzi anaweza kusuluhisha wenzake vizuri tu, lakini baada ya mazoezi ya muda mrefu, chini ya mwalimu anayekaa naye kila wiki, kwa mambo madogo, na bila mamlaka ya kuadhibu. Kwa hiyo akija mtu wa namna hiyo ofisini kwenu, kabla mkuu hajatoa ratiba, muulizeni anatofautishaje ugomvi na uonevu, na atarudi lini kufuatilia. Akianza kuongelea bei ya package, mpeni chai asindikizwe stendi.