Hesabuni kwanza, rangi baadaye

Mkuu, subiri kwanza. Hiyo barua ya kuunga mkono mradi usiipeleke popote, na mkutano wa wiki ijayo kama kuna namna ya kuusogeza mbele, usogezwe. Nimesoma ulichoandika: barabara yenu ya njia nne inataka kupunguzwa ibaki njia moja kila upande, katikati njia ya kukatia kona, pembeni njia za baiskeli. Mtaa umegawanyika, wenye maduka wanakusanya saini, nawe unauliza uwajibu nini, magari ya wagonjwa yatapitaje, rangi inatosha au mdai nguzo za kuikinga njia ya baiskeli, na barua iandikweje. Halafu mwishoni, kama vile si neno, ukatupia: "Mhandisi amesema vipimo tutafanya njia ikishakamilika."

Umesema nini? Rudia tena kwa sauti.

Sentensi hiyo naijua. Niliambiwa mimi, karibu kwa maneno hayohayo, nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu, na ndiyo iliyotuzika. Njia yetu ya baiskeli haikumaliza mwaka. Wapinzani hawakuwa na hoja nzito, na wengine wao tukikutana leo tunacheka pamoja. Ilikufa kwa sababu siku ya kuulizwa "kabla ya hapo hali ilikuwaje?", upande wetu wote ulitazama chini.

Ngoja nikueleze ilivyokwenda, maana wewe unafuata nyayo zilezile.

Tulishinda kura. Usidharau, tulishinda vizuri tu. Mistari ikachorwa, watu wakapiga picha na watoto wao, mimi nikatembea mtaani kifua mbele kama mgombea aliyepita bila kupingwa. Kisha manung'uniko yakaanza, na yalikuwa matatu tu: magari yamekimbilia barabara ya nyuma, baiskeli zenyewe hazionekani, na wateja wametoweka. Haya matatu utayasikia kokote duniani wanakopunguza barabara. Kwenu yatakuja pia, hata kama malaika ndiye atakayechora mistari.

Kikaitishwa kikao cha tathmini. Mama mmoja anayekaa barabara ya nyuma akasimama, akasema tangu tuchore "hiyo njia yenu" hawezi kutoa gari getini asubuhi. Hakuwa mwongo. Foleni ilikuwepo. Lakini mimi nimeishi hapo muda mrefu, najua barabara ile imekuwa ikiziba asubuhi za shule tangu zamani, kwa sababu madereva waliigundua kama njia ya mkato kabla yeyote hajaota habari za baiskeli. Nikasimama nikasema hivyo. Mwenyekiti akanitazama kwa upole, akauliza, "Una namba?"

Nilikuwa nazo! Mhandisi wetu alikuwa amelaza ile mirija ya mpira ya kuhesabia magari kwenye barabara ya nyuma baada ya mradi, ikahesabu vizuri kabisa. Nikasoma jedwali lote, saa kwa saa, kwa madaha.

"Na kabla?"

Mkuu, sijawahi kuona karatasi ikigeuka taka mkononi mwangu haraka namna ile. Namba zangu zilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba barabara ya nyuma ina magari mengi. Yaani nilikwenda kama shahidi wa utetezi nikamaliza kama shahidi wa mashtaka. Ni sawa na kupanda mizani mara moja tu halafu ukatangaza kwamba umepungua.

Na baiskeli? Huko ndiko kulikoniuma zaidi. Jamaa mmoja aliweka mezani picha ya njia yetu ikiwa tupu kabisa, lami ingali inameta kwa mvua. Alipiga dakika chache baada ya mvua kukatika, ndiyo, kila mtu aliona maji. Haikusaidia. Picha ilishinda, kwa sababu upande wa pili wa mezani hapakuwa na kitu. Kabla ya mradi waendesha baiskeli walikuwepo, ila walikuwa wakipita juu ya njia ya waenda kwa miguu, wakipenyeza katikati ya wazee na watoto kwa kuogopa magari. Hakuna aliyewahesabu huko juu. Kwa hiyo waliposhuka kwenye njia yao, hakuna aliyejua kama wameongezeka, wamepungua au wamehama tu upande. Hata faida ya wazi, kwamba wazee sasa wanatembea bila kukwepakwepa, hatukuweza kuidai.

Sasa huyo mhandisi mshauri wetu. Alikuja na kompyuta mpakato na picha za kuchora: watu wanatabasamu, mtoto ameshika puto, miti imetoa kivuli. Miti yenyewe haikuwahi kupandwa, kwenye mchoro tu ndiko ilikomea na kuzeeka. Nilipomuuliza habari za vipimo vya awali akasema vitachelewesha ratiba, na kwamba "takwimu za baada zitajieleza zenyewe." Zilijieleza kweli, mkuu. Siku ya kikao cha tathmini ndugu yetu alikuwa na udhuru. Ankara yake haikuwa na udhuru, ililipwa kwa wakati. Siwachukii wahandisi wote, wengine ni watu makini sana, lakini anayekwambia upime baada bila kupima kabla ama hajui kazi yake, ama anajua kabisa na hataki mtu aje kumpima yeye.

Usidhani haya ni machungu yangu tu. Nenda Brooklyn, New York. Mwaka 2010 jiji liliondoa njia moja ya magari kati ya tatu kwenye barabara ya Prospect Park West, likaweka njia ya baiskeli ya pande mbili iliyokingwa na magari yaliyoegeshwa. Mwaka 2011 kundi la wakazi likaenda mahakamani, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba jiji limepotosha takwimu. Unaona wanapogonga? Lakini jiji lilikuwa limepima kabla. Magari matatu katika kila manne yalikuwa yakizidi kikomo cha mwendo, baada ya mradi likabaki moja katika kila matano. Na waendesha baiskeli wa juu ya njia ya waenda kwa miguu, wale ambao sisi hatukuwahesabu, wao waliwahesabu: walikuwa karibu nusu ya wote, wakashuka hadi 3%. Kesi ilikokotwa hadi 2016, walioifungua wakaiondoa wenyewe. Njia bado ipo.

Linganisha na Kensington High Street, London. Njia ya baiskeli ya muda iliwekwa mwishoni mwa 2020, malalamiko yakapanda, na Desemba mwaka huohuo ikang'olewa kabla hata majira hayajabadilika vizuri. Malalamiko hayangoji ripoti yako ikamilike.

Walionifundisha zaidi ni watu wa Toronto, Kanada. Kwenye Bloor Street walianza na majaribio ya njia za baiskeli Agosti 2016. Walikuwa wamehesabu kabla, wakahoji wafanyabiashara na wateja kabla, na zaidi ya hapo wakachukua barabara nyingine isiyoguswa, Danforth Avenue, wakaipima vilevile. Hili la barabara ya kulinganishia hata mimi lingenipita, na ndilo tamu kuliko yote. Biashara ikishuka mji mzima kwa sababu ya hali ya uchumi, nanyi mna barabara moja tu mliyopima, lawama yote itaangukia baiskeli. Mkiwa na mbili, mnaonyesha kwamba kule ambako hakuna mstari hata mmoja uliochorwa hali ni hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye baiskeli kwenye Bloor zilikuwa zimeongezeka kwa karibu nusu, na Novemba 2017 baraza la jiji likapiga kura njia ibaki. Vita havikwisha, usijidanganye. Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Ontario ilipitisha sheria ya kuziondoa baadhi ya njia, ya Bloor ikiwemo, na Julai 2025 jaji akasema kuziondoa kunakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, wala sina nyingine: hakuna tone la rangi linalogusa lami kabla hamjahesabu. Wakisema hakuna muda, hesabuni wenyewe. Haihitaji shahada.

Tafuteni siku ya kawaida, Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa wazi, hakuna sikukuu, hakuna mvua. Watu wawili kila kona, karatasi iliyogawanywa kwa kila dakika 15. Andika magari, pikipiki, baiskeli, waenda kwa miguu. Baiskeli zitenganishe: za barabarani, za juu ya njia ya miguu, na za wanaokwenda kinyume, usione aibu kuwaandika. Tarehe na hali ya hewa ziandikwe juu ya kila karatasi, na kila aliyehesabu atie saini. Bora zaidi mwite mpinzani mmoja asimame na daftari lake pembeni yako. Akihesabu na yeye, hawezi kuzikana namba baadaye. Atalalamika jua ni kali, mpishe kivulini.

Mwendo kasi mnaweza kuupima bila tochi ya polisi. Chora alama mbili ukingoni zenye umbali wa mita 50, chukua saa ya kwenye simu. Gari likitumia sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia 3.6 liko 50. Chini ya hapo linapaa. Pimeni mengi, kisha mtafute ule mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayauvuki, kwa sababu huo ndio wahandisi wanaoutumia, na ukiutaja kwenye kikao watakaa wima ghafla.

Na barabara za nyuma! Zote! Zile ambazo kila mtu anasema "hizo hazihusiki." Hizo ndizo zilizotuua sisi.

Ukishahesabu barabara kuu ndipo utajua kama mradi wenyewe una akili. Kwenye njia nne zisizo na njia ya kukatia kona, ile ya ndani kila mara imezibwa na mtu anayesubiri kukata, walio nyuma yake wanachomoka ghafla kwenda njia ya pembeni, na hapo ndipo mabati yanapogongana. Ukimpa anayekata kona nafasi yake katikati, hupotezi kiasi unachodhani, maana ile njia ya ndani kwa sehemu kubwa ya siku ilikuwa imekufa tayari. Mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia barabara kuu inasema mabadiliko ya aina hii hupunguza ajali kwa kati ya 19% na 47%. Lakini mwongozo uliozoeleka ni kwamba yanafaa zaidi barabara ikiwa na magari hadi 20,000 hivi kwa siku. Yenu ina mangapi? Hujui. Hata mhandisi wako hajui, hajahesabu! Dokezo: saa ya foleni kubwa kwa kawaida hubeba karibu sehemu ya kumi ya magari ya siku nzima, kwa hiyo ukihesabu saa hiyo pande zote mbili ukapata 1,400, uko pazuri. Ukipata 3,000, mkuu, huenda wenye maduka wana hoja, na ni afadhali uijue wewe kabla yao.

Hao wenye maduka usiwajibu kwa hotuba. Simama mlangoni kwao, kwa ruhusa yao, uulize wateja wamekujaje. Mfanyabiashara mara nyingi anakadiria wateja wenye magari kuwa wengi kuliko walivyo, kwa sababu mwenye gari ndiye anayelalamika kuhusu maegesho, na aliyekuja kwa miguu ananunua anaondoka kimya. Kisha andika kila gari linalosimama mbele ya maduka limekaa muda gani. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumeshachelewa, tukagundua kwamba gari lililoziba nafasi nzuri kuliko zote kutwa nzima lilikuwa la mwenye duka mwenyewe, aliyeongoza ukusanyaji wa saini. Sikulisema hadharani. Nilijutia uungwana huo baadaye. Malori ya kupakua mizigo ni suala jingine, hayo yana haki yao: saa zake na sehemu yake zichorwe kwenye ramani tangu mwanzo, la sivyo yatasimama juu ya njia ya baiskeli, na mtu wa picha yuko tayari.

Rangi au nguzo? Nguzo. Rangi peke yake ni maegesho ya bure yenye mchoro wa baiskeli.

Mkutano usiposogezwa, nenda na swali moja tu na udai liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jibu lake: namba za kabla ziko wapi, nani alizikusanya, tarehe ngapi? Halafu kaa. Usiongeze neno. Na wakianza kuonyesha picha yenye mtoto ameshika puto, waulize hiyo miti inapandwa lini.