Re: Jeli ya alovera na mwarobaini, msaada wa chupa na bei

Dada, Jumamosi usifungashe kitu.

Umeandika una maji ya mwarobaini uliyochemsha, alovera uliyosaga, kaboma ya kushikisha jeli, TEA (trietanolamini, ya kupandisha pH), halafu sodiamu benzoati "ileile ya kwenye juisi" ili isiharibike. Unauliza chupa za pampu, harufu, bei, na TBS, wale wa shirika la viwango, wanataka nini. Mimi nimekwama kwenye benzoati. Hiyo ni fomula niliyopewa kwenye semina ya ujasiriamali, gramu kwa gramu, na iliondoka na mtaji wangu pamoja na mkopo wa kikoba.

Sikiliza. Kaboma ukiinyunyiza kwenye maji ikalowa, inabaki nyepesi, meupe-meupe, na pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) iko kwenye 3 hivi. Haishiki mpaka uipandishe kwa TEA. Ikikaribia 6 inajikaza ghafla, mwiko unasimama. Raha sana, unapiga picha unaweka status. Sasa, benzoati ikiwa chumvi haiui ukungu. Kinachoua ni asidi benzoiki, na hiyo inakuwepo ya kutosha pH ikiwa chini tu. Kwenye 4.2, nusu yake ni asidi. Kwenye 5 inabaki kama asilimia 14. Kwenye 6.2, pale jeli yako imependeza kabisa, ni asilimia 1. Juisi ya chungwa ni chachu, ndiyo maana kule inafanya kazi. Kwako wewe umeajiri mlinzi, halafu ukamfungia nje ya geti.

Halafu kaboma haipatani na chumvi. Benzoati ni chumvi, na alovera mbichi imejaa kalsiamu na potasiamu. Nilipomimina, jeli ililegea hapohapo, ikaanza kuchuruzika kwenye mwiko. Nikampigia mkufunzi. "Ongeza TEA, itashika." Nikaongeza, pH ikapanda, hata ile asilimia 1 nikaifuta kwa mkono wangu. Haikushika. "Basi ongeza kaboma." Kaboma yenyewe alikuwa anatuuzia yeye, kwa hiyo kila swali jibu lake lilikuwa kaboma! Cheti chake bado kiko ukutani kwangu, kinaziba ufa.

Nikafungasha hivyohivyo. Mteja wa kwanza kurudisha alifungua kopo mbele yangu: vidoa vyeusi chini ya kifuniko, na jeli inanuka maji ya maua yaliyolala. Akauliza kama vile vidoa ndiyo mwarobaini wenyewe. Nilitamani kusema ndiyo. Baada ya hapo makopo yalirudi mpaka nikaacha kupokea simu.

Na huo ni ukungu, angalau unajionyesha. Bakteria kama Pseudomonas anaweza kujaa kwenye jeli ya maji usione doa wala kunusa kitu, na wewe lebo yako inasema "kwa chunusi na majeraha madogo". Toa hilo neno majeraha leo. Ukiandika inatibu, umetoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, na hapo TBS peke yao hawatoshi.

Na asije mtu hapa na vitamini E. Inalinda mafuta yasiharibiwe na hewa. Ukungu haujui hata kama ipo.

Kanuni yangu ni moja: PIMA pH YA JELI ILIYOKAMILIKA, DONDOO (MWAROBAINI NA ALOVERA) LIKIWA NDANI, NDIPO UCHAGUE KIHIFADHI. Siyo pH ya maji, siyo ya kaboma kabla ya dondoo. Ya mwisho. Na usipime kwa karatasi, dondoo la kijani linafunika rangi unasoma uongo. Tafuta mita, uisahihishe kwa bafa, yale maji ya kipimo yenye pH inayojulikana, ya 4 na ya 7.

Ukiing'ang'ania benzoati, achana na kaboma, tumia zanthani, unga mwingine wa kushikisha, karibu asilimia 1. Inavumilia chumvi, haihitaji TEA, na unaweza kushusha pH hadi 4.5 kwa asidi sitriki ikabaki imeshika. Inavutika kidogo vidoleni, wateja watazoea. Ukiipenda kaboma, tumia kihifadhi cha fenoksiethanoli, yenyewe haisumbuliwi sana na pH. Ulaya ukomo wake ni asilimia 1, usizidishe. Ikiwa peke yake ni dhaifu kwa ukungu, kwa hiyo tafuta iliyochanganywa na etilheksiliglisirini. Na hiyo alovera, jani ukilikata lisimamishe kwanza utomvu wa njano utoke wote, una aloini, unawasha ngozi.

Tengeneza kidogo, ugawe. Kopo moja friji, moja dirishani, moja kwenye nyuzi 40 kama unapata pa kuliweka. Pima pH tena kila wiki, maana dondoo huwa linaihamisha polepole, na ikihama kihifadhi chako kinalala. Viwanda vya dawa huweka miezi 6 kwenye hizo nyuzi 40, wewe unataka kuuza Jumamosi! Ikivumilia bila kulegea wala kubadilika, peleka maabara wahesabu bakteria na ukungu, macho hayahesabu.

Chupa ulizia Kariakoo, zipo tele. Kesho pima hiyo uliyokwisha kutengeneza urudi hapa uniandikie imesoma ngapi. Usiniandikie "iko poa". Namba.