Jibu: Picha za magari ya rimoti ukumbini zinatoka na ukungu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha za magari ya rimoti unazopiga ukumbini hapo Mtwara zinatoka na ukungu, na nyingine zina rangi ya njano ilhali mipangilio ya kamera hukuigusa.

Ukungu unatokana na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa husogea sentimita 4 katika 1/250 ya sekunde, na sentimita 1 tu katika 1/1000, kwa hiyo anzia 1/1000, fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 (namba ndogo ni tundu kubwa) ikiwa lenzi yako inaruhusu, kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au hata 6400. Chengachenga zitakazoonekana zinavumilika, na kwa maoni yangu ni afadhali kuliko gari lisilotambulika.

Rangi inayobadilika ni suala la taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka hunasa kipande kimoja tu cha mpepeso huo, ndiyo maana rangi hutofautiana kati ya picha na picha. Kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia mpepeso, kiwashe.

Chuchumaa penye kona, ambako magari hupunguza mwendo. Ukipenda magurudumu yaonekane yakizunguka, shuka hadi 1/125 na uizungushe kamera ukilifuata gari. Zoezi hilo lianze kwa bodaboda za barabara ya Mikindani. Flashi usiitumie bila idhini ya waandaaji, kwani huwasumbua waendeshaji.