Mahindi kwa gunia, sukari kwa robo

Kila anayekushauri kupunguza matumizi ya chakula atakuambia ununue kwa jumla. Mimi nakubaliana naye nusu tu. Nyumba yetu ipo Mbagala, tuna watoto, tuna shemeji, na wageni kutoka mkoani hawakauki. Katika kulisha nyumba ya namna hiyo nimeona kuna vyakula ambavyo ukinunua vingi unaokoa hela, na kuna vingine ambavyo ukinunua vingi vinaliwa vingi, basi.

Ugali una mwisho. Mtu akishiba ameshiba, hata gunia likiwa limesimama pale kwenye kona. Sukari haina mwisho. Ikiwa imebaki robo kwenye kopo, kila mtu anatia kijiko kimoja bila kuambiwa. Ikiingia mfuko mzima, chai inageuka sharubati, watoto mchana wanakoroga na maji ya ndimu, na ule mfuko hauoni mwisho wa mwezi. Mafuta ni hivyohivyo: dumu likiwa jikoni, mchicha unaogelea. Nafuu yote uliyoipata kwa kununua jumla inaishia kwenye sufuria. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda na bei ya sukari ikapaa, watu wengi tulikunywa chai ya kijiko kimoja, na sikumwona aliyekonda. Ndiyo maana kwangu sukari inanunuliwa kidogokidogo. Anayenuna anunue yake.

Mahindi, mchele na maharage, hapo sawa, nunua kwa gunia, ila kwa wakati wake. Mahindi mapya kutoka Nyanda za Juu Kusini huanza kujaa sokoni kuanzia Juni na Julai, na bei hulegea. Ukingoja Januari hadi Machi, mahindi yakiwa yameadimika na ada za shule zimeshakukamua, utayanunua kwa bei nyingine kabisa. Najua utaniuliza hela ya gunia kwa mkupuo inatoka wapi. Kwangu inatoka kwenye mchezo. Tunacheza upatu na majirani, na nilimwomba kijumbe, yule anayepanga zamu, zamu yangu iwe inaangukia Julai. Wenzangu wanapenda kupokea Desemba, kwa hiyo hatugombani.

Dar ukitaka nafaka nenda Tandale, na sisitiza ipimwe kwenye mizani. Debe na sado vina mambo yake: kuna lililobonyea kitako, kuna linalojazwa kwa mkono mwepesi mpaka punje zinakaa kama zimepumuliwa. Ukishapima kwa kilo, bei ya huyu na ya yule unazilinganisha bila kubahatisha.

Kitu cha kuogopa kuliko bei ni unyevu. Mahindi yasiyokauka vizuri yanauzwa rahisi, halafu yanaota ukungu nyumbani, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Njia ya kujua ni nyepesi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, achana nayo. Ikishuka yote chini, lipia. Wauzaji wengine watakucheka. Wacheke tu.

Ukiyafikisha nyumbani, adui anayefuata ni dumuzi na fukusi. Mimi nahifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile yenye matabaka matatu: miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje kama kiroba. Unafunga kila mmoja peke yake, kwa kukaza hasa, wadudu wanakosa hewa na wanakufa bila dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na uangalie panya, maana tundu moja linaharibu kazi yote. Halafu usisage gunia zima. Dona lina kiini chenye mafuta, likikaa sana linakuwa chungu. Saga debe, likiisha saga jingine.

Maharage uliza kama ni mapya. Yaliyokaa sana hayaivi upesi, na gesi nayo ni bajeti ya chakula japo wengi tunaiandika kwenye ukurasa mwingine. Loweka usiku kucha, hata yawe mapya.

Nyanya, vitunguu na mboga za majani sina la ajabu. Nenda gengeni jioni, mafungu yanaongezwa, kwa sababu mama wa genge hataki kulala na mchicha.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana nimesema usinunue dumu, na mtu anaweza kudhani namtuma akanunue ya kupima. Hapana. Fanya hesabu hii: chukua chupa ya maji ya nusu lita, uwe unamiminia humo kila kipimo cha shilingi 500 unachonunua dukani. Tuseme lita inauzwa 5,000. Vipimo vitano vinatakiwa vijaze chupa. Vikifika saba, unanunua mafuta kwa 7,000 lita, tena mtoto ametumwa mara saba na kila mara amerudi na pipi. Mangi wa mtaani kwetu aliponiona na ile chupa aliniuliza, "Mama, leo unanipima mimi?" Nikamwambia napima mfuko wangu. Akacheka, akaniambia ninunue lita, hata yeye anajua kipimo si bei ya mtu mwenye familia.

Kwa hiyo nanunua lita moja moja. Nikifika nyumbani nahamishia kwenye kichupa kidogo chenye kizibo nilichokitoboa tundu kwa msumari wa moto, na kichupa hicho ndicho kinachokaa jikoni. Lita yenyewe iko chumbani kwangu, juu ya kabati.